Sauti Kabla ya Vidole: Kumbukumbu ya Mafunzo ya Rekoda

Rekoda ni filimbi inayoshikwa ikielekea mbele na chini, ambayo mdomo wake una kizibo kinachoacha mfereji mwembamba tu wa kupitishia pumzi hadi kwenye ukingo mkali, ambako pumzi hiyo hukatika na kugeuka sauti. Ina matundu saba upande wa mbele na moja nyuma, linalozibwa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kwa kuwa mfereji huo umekwisha kuielekeza pumzi mahali pake, mwanafunzi hupata sauti siku ya kwanza, na wepesi huo ndio ulioifikisha ala hii mikononi mwa watoto, ingawa pia ndio uliowafanya walimu wengi wasahau kilichofundishwa mwanzoni.

Sylvestro Ganassi, katika kitabu chake *Fontegara* kilichochapishwa Venice mwaka 1535, alianza kwa kumtaka mpigaji aige sauti ya binadamu, ndipo akaeleza pumzi, vidole na ulimi, yaani namna ncha ya ulimi inavyoanzisha kila noti kwa silabi kali au laini. Mpangilio huo una hekima, kwa sababu rekoda haivumilii nguvu: ikipulizwa zaidi, noti hupanda na kupotoka, na ikipulizwa kidogo mno hushuka. Udhaifu huohuo ulichangia kuiondoa jukwaani katika karne ya 18, wakati filimbi ya ubavuni, iliyoweza kuvuma na kunyamaa kwa uhuru mkubwa zaidi, ilipochukua nafasi yake.

Kurudi kwake kulitegemea mafundi. Arnold Dolmetsch, aliyekuwa akifufua ala za kale nchini Uingereza, alianza kutengeneza rekoda mpya baada ya ile ya kale aliyoimiliki kupotea mwaka 1919 katika stesheni ya Waterloo, London, ambako mwanawe Carl aliusahau mfuko uliokuwa nayo. Kutoka hapo Edgar Hunt aliifundisha katika Trinity College of Music kuanzia mwaka 1935 na kuipigania iingie shuleni, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia plastiki ikaifanya ala ya bei nafuu inayooshwa kwa maji na sabuni.

Nchini Ujerumani, hata hivyo, Peter Harlan alikuwa ameeneza katika miaka ya 1920 mpangilio wa vidole uliokusudiwa kumrahisishia anayeanza, ambapo noti ya F hupatikana kwa kuziba matundu kwa mfululizo, bila kuruka lolote, tofauti na mpangilio wa Kibaroki unaodai vidole viruke tundu moja. Wepesi huo ulikuwa na gharama, kwani noti ya F kali, iliyo nusu hatua juu yake, ikawa ngumu kupata kwa usahihi.

Gharama hiyo hujitokeza wazi darasani Afrika Mashariki, hasa nchini Kenya, ambako Mtaala wa Umilisi umeiweka rekoda ya sauti ya juu katika masomo ya muziki kuanzia Gredi ya 4. Mwandishi wa kumbukumbu hizi ameyashuhudia mafunzo hayo yakibadilika. Zamani somo lilianzia kwenye chati ya vidole: kidole cha shahada na gumba kwa B, cha kati kikiongezwa kwa A, cha pete kwa G, na hapo kwenye G ndipo milio mikali ilipozuka, kwa kuwa kidole cha pete kiliacha upenyo mdogo pembeni mwa tundu. Mtoto aliposikia mlio huo alipuliza kwa nguvu zaidi, na ukazidi. Dawa yake ilikuwa kumwambia abonyeze kidogo, ainue mkono na kutazama ncha za vidole: duara kamili lililochapwa kwenye ngozi humaanisha tundu limezibwa, na duara lililokatika humwonyesha pa kusogeza kidole.

Baadaye walimu waliozoea tonik solfa, mfumo wa kuimba kwa do, re, mi unaojulikana sana katika kwaya za makanisa, walianza kuwataka watoto waimbe mi, re, do kabla ya kugusa ala, kisha wazipige noti hizohizo kama B, A, G, kwa pumzi ileile ya wimbo. Bila kukusudia walirejea kwa Ganassi, na matokeo yalikuwa mazuri mno, kwani masikio yaliitangulia mikono. Lakini mtoto anayeifanya G kuwa do huihitaji F kali kama ti, na sikio lililolelewa na solfa huutambua mara moja upungufu wa rekoda ya mpangilio wa Kijerumani. Mzazi anayenunua anaweza kuitambua dukani kwa kulinganisha tundu la nne na la tano upande wa mbele: la tano likiwa dogo kuliko la nne, hiyo ni ya Kijerumani; la nne likiwa ndilo dogo, ni ya Kibaroki, nayo ndiyo inayofaa kununuliwa.