Kintinku: Barabara Tamu kwa Baiskeli, Mtihani kwa Mzazi

Ukitoka Dodoma kwenda Manyoni unapita Bahi, kisha unafika Kintinku, mji mdogo wa mkoani Singida uliokaa kando ya reli ya kati na barabara kuu ya lami. Hapa ardhi ni tambarare, kuna mashamba ya mpunga na jua kali, kwa kuwa Kintinku ipo chini, kwenye Bonde la Ufa. Upande wa magharibi unaonekana ukingo wa bonde. Barabara inaupanda kupitia Saranda hadi Manyoni, mji ulio juu zaidi kwa zaidi ya mita 300.

Abiria wa basi huenda akaipita safari hiyo akiwa usingizini. Kijana anayependa baiskeli anaiona tofauti. Tambarare ya Bahi inamfundisha mwendo, mlima wa Saranda unampima pumzi, na wakati wa kiangazi upepo wa mashariki unamsukuma akienda Manyoni, halafu unampiga usoni akirudi nyumbani akiwa amechoka.

Vijana wengi wa vijijini huanza mchezo huu bila kujua. Baiskeli ni chombo cha kazi: inabeba madumu ya maji, gunia la mpunga, mkaa, na mdogo wake anayewahi shule. Anayenyonga baiskeli yenye mzigo miaka miwili mitatu ana miguu na mapafu tayari. Anachokosa ni kuendesha ndani ya kundi, kubadili gia kabla ya mlima, kukata kona kwa kasi na kunywa maji kabla kiu haijamshika.

Hayo hayajifunzwi peke yake. Anayefuata nyuma ya mwenzake kwa karibu kwenye tambarare anaweza kuokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake, kwa sababu wa mbele ndiye anayekata upepo. Ndiyo maana mbio za barabarani ni mchezo wa timu, ingawa mshindi ni mmoja. Nchini mchezo huu unasimamiwa na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA), na Kanda ya Ziwa, hasa Mwanza na Shinyanga, imezoea kuona wanaume na wanawake wakishindana.

Mfano wa karibu upo Kikuyu, nje ya Nairobi. David Kinjah, mwendesha baiskeli wa timu ya taifa ya Kenya, aliwakusanya vijana nyumbani kwake akawafundisha kuendesha na kutengeneza baiskeli zao. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Lakini mzazi aujue na upande wa pili. Mkenya Suleiman Kangangi, aliyewahi kubeba abiria kwa baiskeli Eldoret kabla ya kushika nafasi ya tatu Tour of Rwanda mwaka 2017, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio nchini Marekani. Na barabara ya Kintinku si uwanja wa mazoezi. Ndiyo njia ya malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo.

Kwa hiyo hofu ya mama anayekataa haina ubaya wowote, na hamu ya mtoto vilevile. Kinachofaa ni masharti. Kofia ngumu iwe ya lazima. Hata wanaolipwa kwa mchezo huu hawaruhusiwi kushindana bila kofia tangu 2003. Breki zote mbili zikaguliwe kabla ya kutoka. Mazoezi yawe alfajiri kukishapambazuka, kwa nguo za rangi kali, upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Mwanzoni zitumike njia za vumbi za vijijini, na lami ije baadaye akiwa na mtu mzima anayeijua.

Lipo pia suala la baiskeli yenyewe. Kama nyumba ina moja tu, wapange nani anaitumia siku gani, ili mazoezi ya kaka yasigeuke kuwa safari ya dada kwenda kisimani kwa miguu. Na dada naye akitaka kunyonga, apewe zamu yake.

Mtoto akija na ombi hili, swali la bei ya baiskeli lisubiri. Aulizwe kwanza: utaendesha na nani? Akipata wenzake wawili na mkubwa mmoja wa kuwasimamia, hapo klabu imeanza. Akiwa hana, mlima wa Saranda umsubiri mpaka awapate.