Injini Ndogo Iliyonirudisha Kazini

Ninaandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu waliostaafu, hasa wale ambao bado huamka alfajiri, wakaoga, wakavaa, kisha wakakosa pa kwenda. Mimi niliishi hivyo hapa Kariokor, Nairobi, na nimetoka huko. Kilichonitoa ni injini ya treni yenye urefu wa sentimita 25, iliyotengenezwa Italia na kuuzwa soko la Gikomba ndani ya sanduku lililochanika.

Niliingia karakana ya reli mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazee waliotupokea walikuwa wametumikia reli ya Afrika Mashariki kabla haijagawanywa mwaka 1977, na walizungumza juu ya wenzao wa Kampala na Tabora kama mtu anavyozungumza juu ya ndugu waliohamia mbali. Walikuwa wamelelewa na mvuke. Mashine walizozipenda kuliko zote ni zile Garratt za daraja la 59, kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, ambazo kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mojawapo, Mount Gelai, nambari 5918, iko Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, na ukisimama kando yake unaelewa kwa nini wazee wale hawakuacha kuitaja.

Sisi tulikuwa kizazi cha dizeli. Kulikuwa na daraja la 87, injini za English Electric ya Uingereza zilizoanza kuja huku miaka ya 1960, na daraja la 93 la General Electric ya Marekani, zenye nguvu za farasi 2,600. Watu wengi hudhani dizeli ndiyo inayozungusha magurudumu ya injini hizo. Hapana. Dizeli inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa chini, kwenye ekseli zenyewe. Mota hizo ndizo zilizokuwa kazi yangu. Nilipima brashi za kaboni, nikasafisha komuteta, nikachokora maika iliyo kati ya vipande vya shaba ili cheche zisiruke, nikasikiliza beringi. Mota ikirudi chini ya injini na injini ikaondoka kuelekea Mombasa na mabehewa nyuma yake, nilijua kwamba kuna sehemu yangu ndani ya safari ile.

Kisha nikastaafu. Nililipwa kiinua mgongo changu, tukapeana mikono, nikarudi nyumbani. Sikuwa na ugomvi na mtu. Shida ilikuja polepole, na ilikaa mikononi. Mikono iliyokuwa na kazi kila saa ikawa haina cha kushika. Nilikuwa nakwenda sokoni Kariokor, naketi karibu na mafundi wa viatu vya akala na ngozi, natazama wanavyokata na kupiga nyundo, kisha narudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka karakanani. Nilianza kuongea kidogo. Nilipoulizwa habari za reli nilijibu kwa neno moja. Mwaka 2017 treni mpya ya reli pana ilipoanza kwenda Mombasa, wajukuu walirudi kutoka safari wakiwa na hadithi tele, nami nikawasikiliza kama mtu asiyehusika. Nilijiona kama sura iliyokwisha kusomwa.

Siku moja kijana anayeuza vitu vya kuchezea Gikomba alinijia akiwa na kile kisanduku. Alikuwa amefungua mtumba, akakuta injini, mabehewa mawili na vipande vichache vya reli.

"Mzee, hii si ya kwenu?" aliniuliza.

Aliniuzia kwa bei ya chai na mandazi, kwa kuwa ilikuwa haitembei na hakuna mtoto aliyeitaka.

Niliipindua. Chini palikuwa na jina la Lima, kampuni ya Vicenza iliyoanza mwaka 1946 na kufunga milango mwaka 2004. Lakini kilichonisimamisha ni sura ya juu. Ilikuwa imepakwa buluu, na uso wake wa njano, nami niliijua. Ilikuwa mfano wa dizeli ya Uingereza ya daraja la 37. English Electric walishiriki kuunda injini 309 za aina hiyo kati ya mwaka 1960 na 1965, na ndani yake waliweka injini ya silinda kumi na mbili ya ukoo uleule uliokuwa ndani ya 87 zetu. Niliyokuwa nimeishika alikuwa binamu wa mashine nilizozihudumia maisha yangu yote. Usiku ule niliwasha taa ya meza na kutafuta bisibisi.

Mfano huu hauna dizeli ndani. Una mota tu, iliyofungwa kwenye seti moja ya magurudumu, na umeme wake unatoka kwenye reli: reli moja ina chanya, nyingine hasi, volti 12. Ukigeuza chanya na hasi, injini inarudi nyuma. Nilipofungua kifuniko cha mota nilikuta kila kitu nilichokijua, kimepunguzwa hadi kikaweza kukaa juu ya kucha. Kulikuwa na amecha yenye nguzo tatu. Kulikuwa na komuteta, kisahani cha shaba kilichogawanywa vipande vitatu. Kulikuwa na brashi mbili za kaboni na springi zake. Vumbi la kaboni lilikuwa limejaa kwenye mifereji kati ya vipande vile vya shaba, likiunganisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Nilichukua kijiti cha kuchokolea meno nikasafisha mifereji ile, na mkono wangu ulijua kazi kabla sijaifikiria.

Mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka gundi kwenye gia. Karakanani tungeosha kwa mafuta ya taa, lakini plastiki haiwezi kuvumilia hayo, kwa hiyo gia niliziosha kwa maji ya sabuni na mswaki laini, na shaba nikaifuta kwa spiriti kidogo kwenye pamba. Brashi zilikuwa zimekwisha. Nilikwenda kwa mafundi wa drili nikapata brashi kubwa iliyotumika, nikaikata na kuipiga tupa taratibu mpaka zikatoka mbili za ukubwa unaofaa. Mpira uliokuwa umevikwa kwenye magurudumu ili yasiteleze ulikuwa umekauka na kupasuka. Kirinyaga Road, ambako hakuna kipuri cha gari kinachokosekana, muuzaji alinimwagia oringi mezani nikachagua nyembamba zilizokaa sawa kwenye mfereji wa gurudumu. Beringi nilizipa mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano, tone moja moja, maana mafuta yakizidi hufika kwenye komuteta na kuharibu kazi yote.

Nilipogusisha nyaya za betri, mota ilizunguka. Kulikuwa na cheche ndogo za buluu kwenye kaboni na ile harufu ya umeme ambayo fundi wa mota haisahau. Niliita nyumba nzima. Mama watoto alikuja akiwa na mwiko mkononi, akaitazama injini ikitembea kwenye vipande vya reli tulivyokuwa navyo, kisha akanitazama mimi. Baadaye aliniambia kwamba sauti yangu ilikuwa imerudi.

Hapo ndipo mabadiliko yalipoanza, na nataka niyaeleze kwa usahihi kwa sababu mtu anaweza kudhani mzee alipata kitu cha kuchezea akafurahi. Furaha ilikuwepo. Lakini kilichonibadilisha ni kugundua kwamba ujuzi wangu haukubaki karakanani nilipoondoka. Kiinua mgongo kilikuwa malipo ya miaka yangu. Ujuzi wenyewe hakuna aliyeununua. Nilikuwa nao bado, mzima, na kwa kuwa mimi nilifundishwa bure na wazee wa mvuke waliojifunza dizeli ukubwani, ulikuwa deni kwa waliokuja nyuma yangu.

Nilianza kulipa deni hilo bila kutangaza. Niliweka meza mbele ya bloku yetu siku za Jumamosi. Vipande vya reli vya sandukuni havikutosha, basi tukatengeneza vyetu. Mataruma tuliyakata kutoka kwenye ubao wenye ngozi ya shaba, ule unaotumika kutengenezea saketi za redio, na juu yake tukashikiza vipande vya shaba kwa solda, milimita 16.5 kutoka reli hadi reli. Kila taruma lilikwaruzwa katikati ili shaba ikatike, kwani bila hivyo chanya na hasi hukutana na umeme hauendi popote. Mtoto akisahau kukwaruza taruma moja tu, treni nzima husimama, na ni lazima tulitafute kwa mita, taruma baada ya taruma. Hilo ni somo ambalo mwalimu hahitaji kuliandika ubaoni. Umeme tunautoa kwenye betri ya pikipiki, kwa hiyo stima ikipotea treni yetu haijui.

Binti wa jirani anayesomea umeme ndiye aliyenifundisha nami kitu. Aliona injini ikisitasita inapokwenda polepole, akauliza umeme unaingia kupitia magurudumu mangapi. Tulipohesabu tukakuta ni machache, upande mmoja kwenye seti ya mbele na upande wa pili kwenye seti ya nyuma. Akapendekeza tuongeze vidole vya shaba vya kugusa magurudumu yaliyobaki. Tulivikata kutoka kwenye swichi za zamani, tukaviunganisha kwa waya mwembamba, na tangu siku hiyo injini inatambaa bila kusimama. Kazi hiyo ni yake. Mgeni akija kutazama, ninamwambia hivyo mbele yake.

Watoto wananiuliza maswali ambayo sikuwa nimeulizwa tangu niwe mwanagenzi. Kwa nini injini hii ya Uingereza ina ekseli sita na 87 ya kwetu ilikuwa na nane? Ninawaeleza kwamba reli ya kwetu, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa mita moja, na chuma chake hakikukusudiwa kubeba uzito mkubwa kwa kila ekseli. Basi wahandisi wakaongeza ekseli moja isiyo na mota kila mwisho, ili mzigo ugawanywe. Kwa nini treni mpya ni kubwa hivyo? Kwa sababu reli yake ina upana wa milimita 1,435. Na ndani ya injini yake kuna dizeli inayotoa umeme, kama ilivyokuwa kwenye 87 na 93. Mtoto aliyepanda treni ile kwenda pwani anapotambua kwamba anaielewa kutoka ndani, macho yake hubadilika, na mimi nakumbuka kwa nini niliipenda kazi hii.

Yule kijana wa Gikomba ameniletea injini nyingine tangu wakati huo. Nyingine zimepona. Nyingine chuma chake kimeumuka na kupasuka kwa ugonjwa wa zinki iliyochanganyika na risasi tangu kiwandani, na hizo hubaki kuwa vipuri. Injini ya buluu sikuipaka rangi mpya. Wapo waliotaka niivishe nambari ya Kenya, lakini ina historia yake na mikwaruzo ya mtoto aliyeipenda zamani, nami sina ruhusa ya kuifuta. Badala yake tunajenga 87 yetu kwa bati la mikebe, juu ya fremu ya injini nyingine, na tumeziongeza ekseli zile mbili za pembeni. Najua kwamba kwa kipimo cha 1 kwa 76 reli ya mita moja ingekuwa na upana wa milimita 13 tu, na yetu ni pana kupita kiasi. Vijana wanalijua hilo pia, na tayari wanazungumza juu ya kuijenga njia nyembamba.

Kwa hiyo nashuhudia. Niliamini kwamba kustaafu ni kufungwa kwa karakana, nami sasa najua kwamba karakana ni mtu anayejua kazi na mtu anayetaka kuijua, wakiwa na kitu kibovu kati yao. Najua wapo wenzangu Makongeni, Shauri Moyo na Kaloleni waliokaa kama nilivyokaa. Mmoja wenu alikuwa mtaalamu wa breki za hewa, mwingine wa turbo, mwingine aliandika mabango ya vituo kwa mkono ambao hakuna mashine inayoufikia. Si lazima iwe treni ndogo. Inaweza kuwa redio, cherehani, saa ya ukutani. Kitafute kitu ambacho mikono yako ilikijua, ukitoe nje mahali ambapo mtoto anaweza kukiona, na usimfukuze akikaribia na maswali yake. Na kama ujuzi wako ni wa breki za hewa, nakuomba uje Kariokor Jumamosi, kwa sababu hapo vijana wameniuliza jambo nisiloweza kulieleza vizuri, na wewe unaliweza.