Shemeji, Mwache Kijana Azunguke

Shemeji yangu ameniudhi. Najua anasoma blogu hii kabla hata ya dada yangu, kwa hiyo nitayasema hapa yale niliyoyameza mezani kwake Jumapili.

Kijana wao, mpwa wangu, ana miaka 17. Kimo alinipita akiwa darasa la nane, mabega yanafuata. Anacheza ule mpira wa Wamarekani wa kushika mikononi, safu ya mbele ya ulinzi, wale ambao kazi yao ni kumwangusha mrusha mpira. Si nyota wa kutangazwa kwenye televisheni, na chuo cha Ohio State hawajampigia simu, ingawa tunaishi hapahapa Columbus chini ya kivuli cha uwanja wao unaomeza watu zaidi ya 100,000. Lakini vyuo vitano vya ukanda huu vimempa ofa: ada, chumba, chakula na vitabu. Ametembelea viwili. Shemeji anasema inatosha, arudi kwenye kile cha kwanza, atoe ahadi, na vile vitatu vilivyobaki aviandikie ujumbe wa shukrani.

Sababu? "Hao wa kwanza ndio waliotuheshimu mapema. Kuzungukazunguka ni tamaa. Sisi nani alituzungusha?"

Hapo ndipo ebitoke, ndizi zetu, ziliponikwama.

Ngoja niwasimulie ziara yenyewe ilivyo, maana mara ya kwanza shemeji alikuwa zamu kazini, nikaenda mimi na dada. Ziara rasmi ina masharti yake. Haizidi kulala siku mbili. Chuo kinagharimia safari ya kijana na watu wake wawili, kinawalaza hotelini, kinawalisha. Zamani kijana aliruhusiwa ziara tano tu za namna hiyo. Tangu Julai 2023 kikomo kimeondolewa: aende kokote anakoalikwa, ila chuo kimoja hakimwaliki mara mbili labda kocha mkuu awe amebadilika.

Tulipofika, jina la kijana lilikuwa linawaka kwenye ubao wa taa mlangoni. Jina letu la Kihaya, na silabi zake zote, herufi hata moja haijakosewa! Miaka yote hii benki yangu wameshindwa. Ndani alikuta kabati lina jina lake na jezi imetundikwa. Akavalishwa, akaingizwa chumba cheusi chenye mashine ya kutoa moshi, wakampiga picha ameshika kofia ngumu ya mchezo huku amekunja uso kama alivyoelekezwa. Dada naye akavutwa kwenye picha, kitenge chake na moshi wao. Halafu jezi ikavuliwa na kurudishwa, kwa sababu sheria zao hazimruhusu kijana kuondoka nayo. Huko ndiko wanakokuwa wakali: steki kula, jezi acha.

Steki yenyewe ililiwa jioni. Kocha wa nafasi yake amekaa kushoto, mshauri wa masomo kulia, mchezaji wa mwaka wa pili aliyepewa kazi ya kumtembeza amekaa mbele. Kocha mkuu akapita kila meza. Alipofika kwetu akamshika kijana bega: hapa si timu, hapa ni familia, na sisi ndio tuliokuona kwanza. Dada akalengwa na machozi. Mimi pia kitu kilinipanda kooni, kwa sababu maishani mwangu hajawahi kutokea mtu mzima kuja mezani kwangu kunibembeleza nikasome shuleni kwake.

Maana sisi, waitu, tulipangiwa. Unajaza machaguo, mwalimu anakagua, unaota shule ya Ihungo pale Bukoba, mama anaota Ihungo kuliko wewe ili Jumamosi akuletee karanga kutoka Muleba, majina yanatoka, na wewe uko Lindi. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Meli mama aliikataa kabisa. MV Bukoba ilikuwa imezama Mei 1996 na kwetu hakuna kijiji kilichokuwa hakijazika au kungojea mwili. Barabara ya Biharamulo nayo mnaijua ilivyokuwa. Kwa hiyo nilipanda basi la Dar es Salaam la enzi zile: Mutukula, Kampala, Nairobi, Namanga. Mtoto wa Muleba alikatiza nchi mbili za watu kwenda kusoma ndani ya nchi yake. Kutoka Dar nikashuka kusini hadi kivuko cha Rufiji, kwa sababu Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Ziara yangu rasmi ilikuwa siku ya kuripoti, godoro kichwani, jembe na fyekeo mkononi kama fomu ya kujiunga ilivyoagiza. Nikapokewa na kiranja, akanionyesha eneo langu la kufyeka.

Leo wanaopanga ni TAMISEMI, kwa mtandao. Siku ya kutoka kwa majina wazazi wanalala na simu, kiungo kinazunguka kwenye magrupu, mfumo unazidiwa, anayefanikiwa kufungua anaombwa na ukoo mzima awatafutie majina. Kuna hadi nafasi ya kubadili tahasusi mtoto akishaona matokeo. Sawa, maendeleo hayo. Lakini shule yenyewe bado anaiona akiwa ameshabeba godoro.

Najua shemeji atajibu nini, kwa sababu amekwisha kujibu: kupangiwa ndiko kulikojenga taifa. Mhaya akakaa bweni moja na Mmakonde na Mngoni, na ndiyo maana hatupigani. Hapo ananibana. Msimamizi wa harusi yangu ni Mmwera wa Nachingwea, na kama si wizara kunitupa huko nisingemjua, wala nisingejua kwamba kuna watu duniani wasioelewa kwa nini mtu alie akiletewa senene. Hoja hiyo naiacha hapa ilipo, sijapata pa kuimalizia. Ila nakumbusha tu kwamba mpwa wangu hajengi taifa. Anatafuta shahada na timu ya kuchezea.

Turudi kwenye ziara ya pili, ambayo ndiyo kiini cha ugomvi. Chuo kingine, rangi nyingine, ubao wa taa uleule, chumba cheusi kilekile, moshi uleule. Kocha mkuu akaja mezani. Bega likashikwa. Hapa si timu, hapa ni familia, na sisi ndio tuliokuona kwanza. Dada akanitazama, machozi hayakutoka. Tukiwa njiani kurudi, kijana ambaye kwa kawaida haongei mpaka aulizwe mara tatu akasema, "Anko, sasa kati yao ni nani aliyeniona kwanza?"

Shemeji, hiyo ndiyo faida ya kuzunguka. Sifa za mtu mmoja zinalevya. Sifa zilezile zikitoka kwa mtu wa pili zinakuamsha. Kule kwa kwanza mwanao hakuuliza swali hata moja, alikuwa anatabasamu na kusema ndiyo kocha. Kule kwa pili, asubuhi ya mwisho, alimuuliza kocha wa nafasi yake wanachukua wangapi wanaocheza anapocheza yeye, mkataba wa kocha mkuu unaisha lini, na wangapi kati ya walioingia miaka minne iliyopita wamepata shahada. Kijana wa miaka 17, anamuuliza mtu mzima maswali ya idadi na muda bila kuinamisha kichwa! Mimi katika umri wake nilikuwa siwezi kumuuliza mwalimu wa zamu kama maji ya kuoga yapo.

Shemeji anampenda sana Dabo Swinney, yule kocha wa Clemson, kwa sababu ana msimamo unaojulikana: ukishatoa ahadi kwake, ziara za kwingine basi. "Huyo ana adabu ya Kihaya," anasema shemeji. Haya. Lakini ahadi ya mdomo huku haimfungi mtu, si kijana wala chuo. Kijana anaahidi mwezi Juni, chuo kinapata mwingine mwenye nguvu zaidi mwezi Septemba, na ofa inapoa yenyewe, simu hazipokelewi. Mpaka asaini Desemba, hakuna kitu. Hata ile barua maarufu ya kusaini iliyokuwa ikimfunga kijana kwa chuo ilifutwa Oktoba 2024, sasa ni mkataba wa ufadhili tu. Na makocha wenyewe? Nick Saban alipostaafu Alabama Januari 2024, dirisha la uhamisho likafunguliwa, wachezaji wake kadhaa wakaondoka. Mmoja wao, Caleb Downs, akaja hapahapa Columbus, na shemeji alishangilia kwa mikono miwili. Sikumsikia siku ile akisema habari za adabu.

Sijasema mambo yao ni masafi. Wanamfuata mpwa wangu kwa sababu ya mabega yake. Mwanangu mimi, mwenye miwani na alama nzuri kuliko za binamu yake, ametembelea vyuo kwa petroli ya baba yake, na aliyempokea alikuwa mwanafunzi anayetembea kinyumenyume huku akionyesha maktaba. Hakukuwa na moshi. Watoto ambao wazazi wao hawana petroli hiyo wanachagua kwa kutazama picha, yaani wanapangiwa kama sisi, tofauti ni kwamba aliyewapangia ni umaskini na hana ofisi ya kulalamikia. Na tangu Juni 2025, mahakama ilipoidhinisha vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, maneno ya familia yameanza kunuka pesa waziwazi. Sasa hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuzunguka, siyo ya kukaa.

Aliyewakata wote kauli ni mama yetu, yuko zake Muleba. Kocha mmoja, katika kubembeleza, aliomba kumsalimia bibi kwa simu ya video. Bibi akatokea kwenye kioo na nusu ya paji la uso, nyuma migomba. Kocha akamwambia mjukuu wake ni hodari. Mama akashukuru kwa heshima zote, halafu akauliza, dada akitafsiri: "Huko kwenu yuko mtu wetu?" Kocha hakuelewa. Akaelezwa. Akacheka, akasema yeye mwenyewe atakuwa mtu wake. Mama akauliza la pili: "Akivunjika mguu?" Kocha akajibu kwa kirefu, kirefu mno, na tulipokata simu dada aligundua kwamba hakujibu. Swali hilo sasa limeandikwa la kwanza kwenye orodha ya kijana. Bibi huyo kila siku tunamwambia mambo ya Marekani hayajui.

Kwetu wachezaji wa mpira tunawasajili vipi? Mnajua. Mwalimu wa michezo anakuja na daftari la UMISSETA, michezo ya shule za sekondari: wewe, wewe, na wewe mrefu, pandeni. Ukitoka hapo na kipaji, siku moja mtu anashuka kwenye bodaboda, anaongea na baba yako chini ya mwembe, wewe umetumwa soda, ukirudi umeshakuwa mchezaji wa timu. Na bado tunapata raha zetu. Mei 2018 Kagera Sugar waliifunga Simba 1-0 mbele ya Rais Magufuli, siku ileile aliyokuja kuwakabidhi kombe, Simba wakiwa hawajapoteza mchezo wa ligi msimu mzima. Nikikumbuka siku ile nasamehe mengi, pamoja na ile soda. Lakini hebu niambieni, kuna ubaya gani kijana naye akakaa chini ya ule mwembe, akasikia anauzwaje?

Shemeji ananitajia Suleiman Nyambui. Kijana wa Majita, akaja kukimbilia chuo cha Texas kule El Paso, akapata medali ya fedha ya Olimpiki Moscow 1980, "naye alizungushwa wapi?" Shemeji, enzi za Nyambui ndege ya kuja huku ilikuwa muujiza na barua ilichukua wiki kadhaa. Mwanao chuo cha mbali zaidi ni saa nne kwa gari, na petroli analipiwa.

Halafu nikukumbushe jambo. Ulipotaka kununua kibanja Kamachumu, mimi nilikuwa likizo nyumbani. Ulinipigia mara ngapi? Nikanyage mipaka yote, nihesabu migomba, nimtafute jirani wa juu na jirani wa chini niwaulize kama kuna kesi. Nilipokwambia kiko vizuri ukasema hapana, nenda kaone na kile cha Nshamba. Ukakataa viwili, ukanunua cha tatu, na mpaka leo unajisifia. Hakuna aliyekuita mwenye tamaa. Tulisema huyu ni Mhaya mwenye akili. Kwa miaka minne ya ujana wa mtoto wako, magoti yake na shahada yake, basi kiwe kibanja cha kwanza kilichomwekea moshi?

Na ninyi mlioko nyumbani msicheke, mambo haya yanawahusu. Mwenye mtoto kidato cha nne asingoje TAMISEMI ndipo amwonyeshe shule ikoje. Jumamosi moja pandeni Hiace mwende Bukoba mjini. Ombeni ruhusa mpande Ihungo, mwone majengo yaliyosimama upya baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016. Mwenye binti ampeleke Rugambwa. Mkipata muda fikeni Kahororo. Inawezekana kabisa mwaka kesho akapangiwa Newala, haidhuru. Atakwenda Newala akijua cha kuangalia. Ila mkifika, mzazi, funga mdomo. Mwache mtoto aulize mwenyewe: mwalimu wa fizikia yupo au anasubiriwa, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, waliomaliza kidato cha sita mwaka jana wako wapi. Na kama mwalimu atakasirika kwa kuulizwa na mtoto, mshukuruni, mpande Hiace mrudi Muleba. Hilo nalo ni jibu, na ni la bei ya nauli tu.