Mwindaji na Jangili

Sugar Land, kusini-magharibi mwa Houston, ni nchi tambarare. Mkaazi wake anayekusudia kumwinda elki kwa upinde mwishoni mwa mwaka hana budi kujitafutia mlima: hupanda na kushuka ngazi za majengo ya maegesho, mzigo mgongoni, wiki baada ya wiki. Milima ya Davis, magharibi kabisa mwa Texas, iko umbali wa zaidi ya kilomita 800, na vilele vyake hupita mita 2,000.

Elki ni ayala mkubwa wa Amerika ya Kaskazini. Dume lake huweza kupita kilo 300. Mwezi wa Septemba, majira ya kupandana, dume hulia kwa sauti kali na huweza kuvutwa na mwindaji anayeuiga mlio huo. Baridi ikiingia, hunyamaza. Makundi yaliyosakwa kwa miezi hushtushwa na kila harufu ya binadamu. Kilichobaki ni nyayo, upepo na subira.

Kwa hiyo mpiga upinde hufanya mazoezi akiwa amevaa koti zito, kwani upote ukigusa mkono wa koti mshale hupotoka. Kila asubuhi hupiga mshale mmoja tu kabla misuli haijapata moto, maana mlimani huenda asipate nafasi ya pili. Lililo gumu zaidi ni kujiwekea umbali ambao akiuvuka hatapiga, hata mnyama amsimamie ubavu wazi. Sheria ya Texas inakataza mishale ya sumu katika uwindaji. Chembe hukata na kumwaga damu, na kosa dogo humwacha mnyama akiteseka kwa siku kadhaa. Kujiandaa, basi, ni kujifunza kukataa.

Nidhamu hiyo si ngeni kwa Waswahili wanaoifahamu nyika iliyo nyuma ya Malindi. Wawaata, ambao wengine waliwaita Wasanye au Waliangulu, waliwinda tembo kwa pinde ambazo uzito wa kuzivuta ulipita ratili 100. Sumu yao ilitokana na mti wa msungu, uliochemshwa kwa saa nyingi hadi maji yakawa utomvu mweusi; mshale uliopakwa ulifungwa kwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke wala isimdhuru mbebaji. Sumu husimamisha moyo, lakini haimsogezi mnyama karibu. Mwindaji alilazimika kuusoma upepo na kunyemelea hadi hatua chache tu kutoka kwa tembo. Hapo pia, aliyeharakisha alirudi mikono mitupu, au hakurudi.

Mwaka 1948 hifadhi ya Tsavo ilianzishwa juu ya sehemu kubwa ya mawindo yao. Kuanzia 1956 serikali ya kikoloni iliendesha msako, na mabingwa wengi wa upinde wakaishia gerezani. Si haki kuwafanya malaika: pembe walizozipata ziliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani, na tembo wengi walikufa. Hata hivyo, faida kubwa haikubaki nyikani. Mpango wa Galana wa 1960, uliokusudia kuwaajiri katika uwindaji halali, haukuwarudishia maisha yao. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani.

Sheria hutoa majina, na majina hukaa kuliko sheria. Hata elki hakusalimika: wa asili wa milima ya Guadalupe waliangamizwa, wengine wakaletwa mwaka 1928, na mwaka 1997 Texas ikawatia katika kundi la wanyama wa kigeni. Kwa Kiswahili, Mwaata aliyepigwa marufuku akaitwa jangili, neno lisilouliza alijifunza wapi kuusoma upepo. Mwenye leseni mkononi huitwa mwindaji, na subira yake husifiwa kuwa maadili.

Watoto wa Kiafrika Mashariki wanaokulia Texas watalipata jina hili la pili bila taabu, kwa kuwa maduka na majarida yanaliuza. Lile la kwanza watalipata katika taarifa za ujangili. Lugha inayotaka kuwatendea haki inahitaji neno la tatu: linalomtaja mtu kwa ujuzi wake kabla ya kumtaja kwa hukumu aliyopewa.