Raro, Extraño, Asombroso: Kulitafutia Sifa Jiwe la Mikayi

Msafiri aondokaye Kisumu kwa barabara ya Busia hufika Kisian, mahali ambapo njia ya Bondo huchepuka. Wengi hupajua kwa njia panda hiyo, wengine kwa kituo cha utafiti cha KEMRI. Aghalabu watalii hawatui hapo. Hushika njia ya Bondo hadi Seme kulitazama Kit Mikayi, lile rundo la majabali yaliyopandana, yapata kilomita 29 magharibi ya Kisumu. Kwa Kidholuo, kidi ni jiwe, na neno hilo hugeuka kit linapotajwa pamoja na mwenyewe: jiwe la mikayi, yaani la mke wa kwanza. Masimulizi husema kwamba mzee Ngeso alilipenda jiwe hilo hata akawa anashinda humo kutwa, mkewe akimpelekea chakula. Alipoulizwa mumewe yuko wapi, mama huyo alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza.

Kijana mmoja wa Kisian, ambaye kazi yake ni kuwatembeza watalii na ambaye alikuwa amejifunza Kihispania kwa miaka 2, aliombwa aandike aya moja ya kulieleza jiwe hilo kwa lugha hiyo. Kisa cha Ngeso hakikumpa taabu. Kilichomkwamisha ni sifa moja tu katika sentensi ya kwanza. Kiswahili kilimpa maneno tele: jiwe la ajabu, la kipekee, la kustaajabisha, adimu, geni, lisilo la kawaida. Kihispania nacho hakina uhaba. Taabu ni kwamba maneno ya lugha hizi mbili hayakugawana maana kwa mipaka ile ile.

Kamusi ilimwambia kuwa raro ni adimu. Kwa Mswahili kitu adimu ni kitu cha thamani, hivyo kijana akaandika una roca rara bila wasiwasi. Mwalimu mmoja kutoka Valencia, aliyekuwa akizuru Kisumu, aliisoma aya hiyo akacheka kidogo, akamweleza kwamba msomaji wa kwao angedhani ni jiwe lenye kasoro, jiwe la vituko. Ni kweli kwamba raro ya mazungumzo ya leo imeegemea upande wa kioja kuliko wa uadimu. Hata hivyo neno hilo si dharau daima. Rara belleza ni uzuri usiopatikana kwa urahisi, na mwaka 1896 Rubén Darío, mshairi wa Nikaragua, alikipa kitabu chake jina la Los raros, akiwakusanya humo waandishi aliovutiwa na upekee wao. Lakini Darío aliwaandikia watu wa fasihi. Kijana aliwaandikia watu washukao garini na kupiga picha.

Mwalimu akapendekeza extraña. Asili ya neno hili ni Kilatini, extraneus, yaani cha nje, na likiwa nomino humtaja mtu asiyejulikana. Hapa Kiswahili kina pacha wake halisi: jambo geni, mtu mgeni. Lakini ni nani aliye mgeni pale Seme? Jiwe lilikuwapo kabla ya barabara, na kabla ya Waluo wenyewe kufika kandokando ya ziwa. Kumwita Mikayi extraña ni kumfanya mgeni bomani mwake, na mtalii akageuka kuwa mwenyeji.

Nyumbani palikuwa na msomaji mwingine wa kuogopwa zaidi. Nyanya yake kijana ni muumini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, na waumini wake ni miongoni mwa wanaokwenda Kit Mikayi kusali. (Kanisa hilo limeihifadhi misa ya Kilatini, kwa hiyo mama wa Kihispania husikika katika vijiji vya ziwa hilo kuliko mgeni angetarajia.)

"Umemwandikaje Mikayi, nyakwara?" bibi aliuliza.

"Bado natafuta neno, dani."

"Usiandike neno ambalo usingelitamka mimi nikiwa nimepiga magoti pale."

Baada ya hapo, raro na extraño hayakuzungumziwa tena. Kijana akajaribu única. Katika sifa hii nafasi ni kila kitu: una roca única ni jiwe lisilo na kifani, ilhali la única roca ni jiwe moja tu, basi. Kuteleza kidogo kwa mpangilio kungewafuta Nyachira na Reru, mke wa pili na wa tatu, ambao wapo wanaowaona katika majabali hayo hayo. Singular lilikuwa salama, ila linanukia darasa la sarufi, ambako maana yake ni umoja. Insólita, lisilozoeleka, lingekuwa uongo mtupu, maana bibi amelizoea jiwe hilo kuliko alivyoizoea lami.

Likabaki asombrosa. Ndani yake mna sombra, kivuli. Kitenzi asombrar kiliwahi kutumika kwa kufunika kwa kivuli, na kwa mnyama ashtukaye aonapo kivuli, kabla ya kuja kumaanisha kustaajabisha. Kivuli na hofu na mshangao katika neno moja! Kidholuo kina lich, litumikalo kwa kitu kinachotisha kwa ukuu wake. Kustaajabisha kwa Kiswahili hakumtetemeshi mtu hata kidogo. Kijana alimfasiria bibi neno hilo, akimkumbusha Ngeso aliyekaa kivulini humo kutwa.

"Na hofu imo?"

"Imo, dani."

"Basi liache hapo."

Akaandika la asombrosa piedra de la primera esposa, sifa ikitangulia nomino, kwa kuwa Kihispania huiweka mbele sifa ambayo ni tabia ya kitu chenyewe, isiyokusudiwa kukitenga na vingine. Mwalimu aliikubali sifa. Kisha akaweka kidole juu ya esposa, akasema kwamba neno hilo likiwa katika wingi ni pia pingu za polisi, na kwamba hapo mbele, Nyachira na Reru watakapotajwa pamoja na Mikayi, itambidi afikirie mujeres. Kijana akaifungua tena kamusi.