Injini Mpya na Vumbi la Handeni

Kabla lami haijawekwa, vumbi la barabara ya Korogwe kwenda Handeni ndilo lililoamua injini ya gari iishi muda gani. Ni kilomita 65 hivi. Wakati wa kiangazi, lori likikutangulia, huoni mbele. Vumbi lile jekundu liliingia kwenye nguo na kwenye magunia ya unga, na kwa dereva mzembe liliingia hata ndani ya silinda. Land Rover za Series III zilikuwa na chujio la hewa lenye bakuli la oili chini yake. Hewa ikipita pale, vumbi linanasa kwenye oili. Oili ya bakuli ikigeuka tope na mtu asiibadilishe, vumbi halinasi tena. Linapita mpaka kwenye kuta za silinda, na kuanzia hapo linafanya kazi ya msasa.

Hicho ndicho kilichoiua injini ya Land Rover ya mjomba wangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa Land Rover 109 ya dizeli, ikibeba abiria kwenda na mahindi kurudi, na mimi ndiye niliyekuwa tanboi wake. Kwanza ilianza kula oili. Kisha ukaja moshi wa buluu, halafu asubuhi ikawa haiwaki mpaka isukumwe. Injini ile ya dizeli hugandamiza hewa mara 23, na joto la mgandamizo huo ndilo linalowasha mafuta. Ringi zikiisha, hewa inavuja, joto halipatikani, na abiria wa Sindeni na Misima wanabaki wamekaa juu ya mizigo yao wakisubiri.

Fundi aliyeifungua alikuwa mzee wa Manundu aliyejifunza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Korogwe ilikuwa na mafundi wengi wa aina hiyo. Mashamba ya mkonge yalikuwa na injini kubwa za kuendesha korona, yaani mashine za kuchakata majani, na injini ikisimama kiwanda kizima kinasimama. Mtu aliyelelewa katika kazi ile hakubahatisha. Bloku na kranki vilipelekwa Tanga, silinda zikachongwa saizi ishirini, kranki ikasagwa, tukarudi na pistoni, ringi na meto mpya.

Jambo la kwanza alilofanya lilimshtua mjomba. Aliagiza maji ya moto na sabuni ya kufulia, akazisugua silinda zilizotoka kuchongwa.

"Fundi, chuma kipya unakiosha kwa maji? Si kitashika kutu?"

"Bwana, petroli inatoa grisi tu. Unga wa jiwe la kuchongea unabaki kwenye mikwaruzo. Ukiuacha humo, umejenga injini yenye vumbi la Handeni tangu siku ya kwanza."

Akakausha haraka, akapaka oili, akafuta kwa kitambaa cheupe, akarudia mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Wakati wa kufunga kranki, kila alipokaza kofia moja ya meto aliizungusha kranki kwa mkono kabla ya kwenda kwenye nyingine. Siku zile mafundi wengi walijisifu kwamba injini waliyoifunga imekaza mpaka lazima gari livutwe na lori ndipo iwake. Yeye aliliona hilo kuwa aibu. Kwake, injini ambayo mkono wa mtu hauwezi kuizungusha ilikuwa imefungwa vibaya.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa oili. Mjomba alikuja na kopo la namba 50, akiamini kuwa oili nzito ndiyo inayolinda. Mzee alitaka namba 30 ya kawaida, isiyo ya bei. Namba zile zimewekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na kipimo chake cha uzito wa oili kilianza kutumika mwaka 1911. Namba kubwa maana yake ni oili inayotiririka polepole ikiwa ya moto. Zile zenye herufi W katikati, kama 20W-50, zimepimwa pia kwenye baridi. Mzee hakujua historia hiyo, lakini alijua kwamba meto mpya zina nafasi ndogo, na oili nzito inachelewa kufika pale injini inapowaka asubuhi. Aligeuza kopo akatuonyesha herufi nyingine, zile za API. Oili ya injini ya dizeli huanza na C, ya petroli huanza na S. "Msome herufi kwanza, halafu namba, bei iwe ya mwisho," alisema. Oili ya kwanza, alieleza, haikai. Inaingia kuosha na kusaidia vyuma vizoeane, kisha inamwagwa.

Leo ningeongeza neno moja juu ya hilo. Oili za sintetiki ni nzuri sana kwa injini iliyokwisha kuzoea, lakini mafundi wengi wenye uzoefu huzikwepa katika kilomita za mwanzo. Zinateleza mno, na ringi mpya inahitaji msuguano kidogo ili ikae.

Siku ya kuwasha, mzee alikata dizeli kwanza. Akachomeka hendeli mbele ya gari, tukazungusha kwa zamu mpaka jasho likatutoka, ili pampu ijae na oili ifike kwenye kila meto kabla moto haujaingia. Ndipo akaruhusu iwake. Taa ya oili ilizimika mara moja.

Hapo majirani walitegemea kwamba gari litaachwa likiunguruma uani kutwa nzima, kwa sababu ndivyo ilivyofanywa kila mahali: injini mpya iwekwe sailensa tangu asubuhi hadi jioni, eti izoee taratibu. Mzee alikataa kabisa, na nilipokuja kuelewa sababu yake niliona jinsi injini nyingi nzuri zilivyoharibiwa kwa huruma. Silinda iliyochongwa vizuri ina mikwaruzo midogo inayokatana. Ringi inatakiwa kujisaga kidogo dhidi ya mikwaruzo hiyo hadi ziba yake iwe kamili. Kinachoisukuma ringi ukutani ni presha ya moto wenyewe, inayopita nyuma ya ringi na kuikandamiza. Injini isiyo na kazi haina presha ya kutosha. Ringi inaelea, oili inapita juu yake, inaungua na kuacha utando mgumu unaong'aa ukutani. Utando huo ukishashika, injini itakula oili maisha yake yote, na dawa yake ni kuifungua tena.

Kwa hiyo injini ilipopata joto tu, tulitoka barabarani. Tulielekea Mombo kwenye lami, mzee akiwa amekaa kando ya mjomba na kumwelekeza kila hatua. Gia ya tatu, kanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka kasi ipande, kisha achia kabisa, gari lijizuie kwa injini. Tena. Asikae kwenye kasi moja muda mrefu, asikanyage mpaka mwisho, asiivutishe kwenye gia kubwa ikiwa inatetemeka. Siku zilizofuata tulikwenda Handeni na nusu mzigo. Mjomba alilalamikia nauli anazopoteza, lakini alitii.

Baada ya kama kilomita 500, oili ilimwagwa ikiwa bado ya moto. Mzee aliichuja kwenye kitambaa, akapitisha sumaku. Unga mwembamba wa chuma ukashika. Hilo halikumtisha, kwa kuwa ringi na silinda zinasagana. Alichokitafuta ni vipande vya njano au vyeupe visivyoshikwa na sumaku, maana hivyo hutoka kwenye meto. Havikuwepo. Akabadilisha filta, akarudia kukaza boliti za silinda hedi, akapima tapeti upya, na kutia namba 40 ya dizeli, ambayo gari liliendelea nayo. Lita sita na ushee, na stiki ilikuwa haishuki kati ya safari na safari. Gari lile liliuzwa kwenda Songe miaka mingi baadaye likiwa na injini ileile, bila kutoa moshi.

Sasa Korogwe hadi Handeni ni lami, na mtu mwenye injini mbovu mara nyingi hanunui ringi. Ananunua injini iliyotumika iliyotoka Japani, anafungiwa ndani ya siku mbili. Magari pia yamebadilika. Injini za Toyota zenye VVT-i, kama ya IST, hutumia presha ya oili kupitia njia nyembamba sana kurekebisha valvu, na zimeandikiwa oili nyepesi kama 5W-30. Nawaona vijana wakitia humo namba 40, kwa imani ileile aliyokuwa nayo mjomba kwamba uzito ndio ulinzi. Wenye bodaboda nao hutoa pikipiki dukani asubuhi na jioni tayari imebeba abiria wawili na gunia, na oili ya kiwandani inakaa humo mpaka iwe nyeusi. Pikipiki hizo zinachoka mapema, na mwenye chombo bado anadaiwa mkopo.

Basi, ndugu dereva, injini ikitoka kufungwa usiifungie uani. Ipe kazi ya wastani siku hiyohiyo, na uimwage oili ya kwanza mapema hata kama bado inaonekana safi. Tia oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, nunua kopo lenye lakiri isiyoguswa, na ukimaliza litoboe kabla ya kulitupa, kwa sababu kuna watu wanaookota makopo matupu, wanayajaza oili chafu iliyochujwa na kuyarudisha dukani.