Safari ya Puto la Zénith

Tarehe 15 Aprili mwaka 1875, kabla ya adhuhuri, Wafaransa watatu walipanda angani kutoka Paris, wakiwa ndani ya tenga lililoning'inizwa chini ya puto kubwa lililojazwa gesi. Puto hilo liliitwa Zénith. Majina yao yalikuwa Joseph Crocé-Spinelli, Théodore Sivel na Gaston Tissandier. Hawakupanda kwa mchezo, bali walitaka kuipima hewa ya juu sana. Walijua ya kuwa huko mtu hukosa pumzi, kwa hiyo walichukua mifuko mitatu ya oksijeni, kama walivyofundishwa na Paul Bert, bingwa wa elimu ya mwili. Bert alikuwa mbali na Paris. Alipopata habari za mifuko ile, aliandika barua upesi kuwaonya ya kuwa oksijeni hiyo haitoshi. Barua ilichelewa, isifae kitu.

Ili kufahamu yaliyowapata, yafaa kwanza kuijua kazi ya damu. Mtu mzima ana damu kadiri ya lita 5. Katika kitone kidogo, chenye milimita 1 kila upande, mna chembe nyekundu kadiri ya milioni 5, na kila chembe imejaa kitu chenye chuma kiitwacho hemoglobini. Damu ipitapo mapafuni, hemoglobini huishika oksijeni. Ifikapo penye kazi, katika misuli au ubongo, huiachilia. Kisha damu hairudi mikono mitupu. Kama wapagazi wa zamani waliopeleka nguo bara wakarudi na pembe, ndivyo damu inavyorudi na hewa ukaa, ambayo ni takataka ya kazi ya mwili. Ila mzigo huu wa pili, sehemu yake kubwa haishikwi na hemoglobini. Hugeuzwa kuwa bikaboneti, kitu kilicho cha jamii ya magadi, ukayeyuka katika maji ya damu mpaka mapafuni, na huko hutolewa nje.

Katika shina la ubongo mna mlinzi wa kupumua. Ajabu yake ni hii, ya kuwa mlinzi huyu haiangalii sana oksijeni. Huangalia hewa ukaa. Mtoto azamaye mtoni husongwa na kifua hasa kwa kuwa hewa ukaa imezidi, wala si kwa kuwa oksijeni imepungua.

Hewa ya juu ina oksijeni sehemu 21 katika 100, sawasawa na ya pwani. Lakini ni nyepesi, nayo haina nguvu ya kuisukuma oksijeni iingie damuni. Juu ya Kibo, mita 5,895, mtu hupata kama nusu tu ya ile ya pwani. Ndiyo maana wapandaji huenda pole pole, kwa siku kadha wa kadha. Zénith ilifika mita 7,000 kwa muda wa saa 2 hivi! Wale watatu walipumua upesi upesi, hewa ukaa ikawatoka vizuri, na mlinzi asipige kelele, huku damu yao ikizidi kupungukiwa.

Tissandier alisimulia baadaye ya kuwa hakusikia maumivu wala hofu; alisikia furaha. Sivel alikata mifuko ya mchanga ili puto lizidi kupanda. Tissandier akataka kuushika mpira wa oksijeni, mkono usiinuke. Akataka kupaza sauti kwamba wamefika mita 8,000, ulimi ukawa mzito, akazimia. Alipozinduka puto lilikuwa likishuka. Crocé-Spinelli naye akazinduka, akatupa vitu nje, na kwa tendo hilo moja puto likapanda tena. Mtu mwenye akili timamu asingalifanya hivyo, lakini ubongo wake ulikuwa na njaa, wala hakujua.

Puto lilifika karibu mita 8,600. Tissandier alipoamka mara ya pili, wenzake walikuwa wamekufa, nyuso zao nyeusi na damu vinywani. Aliliteremsha puto peke yake karibu na kijiji cha Ciron. Masikio yake yaliharibika.

Mwaka 1878 Bert alitoa kitabu kikubwa juu ya nguvu ya hewa na mwili wa mtu. Siku hizi rubani apandaye juu sana kwa ndege isiyohifadhi hewa ndani huvaa oksijeni mapema, naye hangoji kusikia dhiki.